Turbo ya Bluu Kwenye Yadi ya Forodha

Kwa zaidi ya miaka ishirini nimeishi kwa kupitisha magari ya watu wengine. Mimi ni wakala wa forodha hapa Tunduma. Magari yaliyotumika yanashushwa melini Dar es Salaam, madereva wanayaleta kwa barabara mpaka mpakani, mimi nahangaika na makaratasi yake, kisha yanavuka kuingia Nakonde upande wa Zambia na siyaoni tena. Muda wote huo nilikuwa naenda kazini kwa bajaji. Watu walinitania kwamba nimekuwa mpishi anayelala njaa, na niliwajibu vibaya, maana nina hasira za karibu na sipendi kutaniwa kabla sijanywa chai.

Siyo kwamba sikuwa na gari nililolitaka. Nililijua tangu nikiwa darasa la nne. Baba yangu alikuwa dereva wa lori la chama cha ushirika, akibeba kahawa ya wakulima wa Mbozi, na shule zikifungwa alikuwa ananichukua mimi, binti yake wa pekee, ili mama apumzike na maswali yangu. Kiangazi kimoja magari ya mashindano yakaja kufanya mazoezi kwenye barabara zetu za vumbi. Baba aliliweka lori pembeni, tukapanda juu ya magunia, tukangoja. Yalipita matatu tu. La mwisho lilikuwa la bluu, sedani ya kawaida ya milango minne, gari la kupelekea familia kanisani, ila lilikata kona kwa ubavu huku likitupa changarawe mpaka kwenye migomba ya watu. Baba alingoja vumbi litulie. Halafu akasema, "Mwenzangu yule anaendesha gari. Mimi naendesha ghala."

Ghala hilo ndilo lililonifundisha kuendesha. Miguu yangu haikufika kwenye pedeli, basi tukagawana kazi: yeye usukani na miguu, mimi gia. Neno letu lilikuwa moja. "Klachi," anasema, maana yake mguu wake umeshakanyaga, sasa mkono wangu uingie kazini. Gia ya lori lile nilikuwa naishika kwa mikono miwili. Siku moja, kwenye kilima cha karibu na kwetu, nikatia gia isiyokuwa yenyewe. Chini kukalia kama kabati la vyombo limeanguka, na lori likalala pale pale siku mbili na kahawa ya watu mgongoni. Mkubwa wake wa kazi alipokuja kuuliza kulikoni, baba alisema, "Nimekosea gia." Mimi nilikuwa nimesimama kwenye tairi la nyuma nikingoja anitaje. Hakunitaja siku ile, na nyumbani hatukuliongea tena.

Sasa baba ni mzee. Mama alishatangulia, na yeye anaishi kwenye nyumba yake katikati ya mibuni, si mbali na Mbozi Mission. Mwaka juzi alianza kugonga miimo ya milango. Nikampeleka hospitali Mbeya, daktari akasema ni presha ya macho, imekaa muda mrefu bila kujulikana, dawa ya matone itaichelewesha ila kilichokwisha kupotea hakirudi. Baba alinieleza hali yake vizuri kuliko daktari. Alisema ni kama kuchungulia chumba cha mtu kupitia tundu la kitasa, na kila mwezi kuna mtu anaongeza nta kwenye lile tundu.

Tukiwa njiani kurudi aliniambia jambo huku anacheka, kama anayetania. Alisema maisha yake yote ameendesha malori na matrekta, na gari la wagonjwa mara mbili dereva wake alipougua, lakini gari lenye mbio hajawahi kulishika. "Kabla macho hayajafunga kabisa ningependa kuendesha moja," akasema. "Hata kwenye kiwanja cha mpira tu, mama. Mzunguko mmoja." Baba ananiita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake. Yeye alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilijua anasema gari gani, na nilijua muda wetu wa kulitafuta ni ule utakaoachwa na lile tundu.

Mume wangu ni mwalimu wa hesabu na ana shamba la mpunga Kamsamba, na kwa miaka mingi alikuwa anaota pikapu. Nilipomwonyesha picha kwenye simu, sedani ya bluu yenye bawa nyuma na tundu kubwa juu ya boneti, aliitazama kwa muda mrefu kisha akauliza magunia yatakaa wapi. Nikamwambia yataendelea kupanda fuso kama yalivyozoea. Akasema gari lenye pua wazi namna ile likipanda kwenye baridi ya Mbozi litashikwa na mafua. Lakini nilipomweleza maneno ya baba, alivaa miwani yake, akaanza kusoma habari za turbo kama anayejiandaa na mtihani. Chapa ya gari siitaji. Wapenda magari wameshalitambua kwa hilo tundu na hilo bawa, na asiyeyapenda hata nikimtajia haitamsaidia.

Kwa miezi miwili kila mapumziko ya mchana yalinikuta kwenye mitandao ya wauza magari wa Japani. Magari haya yaliyozaliwa kwa ajili ya mashindano yana shida yake: mengi yamepitia mikononi mwa vijana waliotaka kujua mshale wa spidi unaishia wapi. Utakuta bomba la moshi limebadilishwa, springi zimekatwa, kompyuta imechezewa, na turbo inakunywa oili kuliko injini. Nilitaka lisilochezewa. Nilitaka gia za mkono, maana gari linalojiamulia gia lenyewe baba angelihesabu kuwa ni kiti. Nikasoma zile karatasi za mnada zenye mchoro wa gari na alama za kila mkwaruzo. Nikaomba picha za uvunguni nitafute kutu. Nikaomba video ya injini ikiwashwa asubuhi ikiwa bado ya baridi, nione rangi ya moshi. Muuzaji wa kule, kijana mwenye adabu sana, alianza kunijibu kwa sentensi fupi fupi, na nadhani aliposhuka kazini alikuwa ananisema kwa mkewe.

Mwishowe likapatikana. Lilikuwa la mzee mmoja wa mji wa theluji, alilinunua jipya na kulitunza peke yake, uvungu umepakwa dawa ya kutu, na mlango wa kushoto una mkwaruzo mmoja mrefu. Nililipenda kwa huo mkwaruzo. Gari la umri ule lisilo na alama hata moja linanitia wasiwasi, kama mtu anayejibu kila swali haraka.

Niliagiza wakati mibuni imechanua, shamba zima la baba likiwa jeupe na linanukia. Nikamwambia liko baharini. Tangu siku hiyo akataka kujua kila wiki limefika wapi, na mume wangu akawa anampigia simu kila Jumamosi kumpa habari za meli kama vile ndiye nahodha. Baba alikuwa anarudia majina ya bandari polepole. Shamba lake mwenyewe hakuweza tena kuliona lote kwa mara moja, lakini alikuwa anaiona ile meli.

Sasa nifike kwenye kosa, na nitalisema lote, kwa sababu nimelificha vya kutosha. Kazi yetu ya makaratasi ina mazoea yake. Sisi hatuanzi fomu mpya. Tunafungua ya gari lililopita, tunafuta jina la mwenye mali, tunafuta namba ya chesesi na ya injini, tunaandika mapya, tunamtumia mwenzetu aliyeko bandarini. Yaliyobaki hayaguswi, kwa kuwa kwetu yaliyobaki ni yale yale siku zote: gari linapita tu nchini, linatokea Tunduma, mwisho wa safari Zambia. Wiki ile nilipitisha magari mengi na la kwangu lilikuwa katikati yao. Nikafuta jina la mteja, nikaandika langu, kwa furaha mpaka nikaruka herufi nikarudia. Nikaandika chesesi. Nikaandika injini. Nikatuma, nikaenda kunywa chai.

Mwenzangu wa bandarini akafanya kama fomu ilivyosema. Akanipigia kwamba malipo yametoka madogo kuliko nilivyokadiria. Wakala wa forodha wa miaka ishirini anaambiwa gari la turbo limetozwa kidogo, na badala ya kuuliza kwa nini, anamshukuru Mungu. Hata mume wangu aliuliza. Nilimwambia ahesabu mpunga wake.

Gari liliwasili Januari, mvua ikinyesha. Nilisimama kwenye yadi ya forodha na mwavuli, nimevaa kitenge kipya kama naenda kupokea mgeni wa heshima. Nililisikia kabla sijaliona, ule mngurumo wake wa kukatakata. Likaingia katikati ya foleni ya magari mengine, limechafuka tope la safari nzima, bluu yake ikionekana juu tu. Dereva akashuka akanipa bahasha. Ndipo nikaona namba zake. Zilikuwa namba za muda za gari linalopita, zile zile ninazozitazama kila siku ya kazi. Nikafungua karatasi. Nchi liendako: Zambia. Gari langu lilikuwa limefika kwetu likiwa na ruhusa ya kufanya jambo moja tu, nalo ni kuondoka.

Nilikwenda kwa mkuu wa kituo, mama mmoja mkimya ambaye tunaheshimiana, nikamwambia nilisahau kubadilisha fomu. Alinitazama. Nilijua anachofikiria, kwa kuwa nimekaa kwenye benchi la ofisi ile mara nyingi nikiwasikia watu wakisema hivyo hivyo. Wapo wanaoingiza gari kwa jina la kupita, halafu linatulia nchini bila kodi, na wakikamatwa wote husema walisahau. Mimi mwenyewe nilikuwa nawacheka tukitoka nje. Yeye hakunicheka. Alisema gari lifungiwe yadini, niandike barua ya maelezo, na ombi la kuligeuza kuwa gari la kutumika nchini lipande ngazi zake mpaka Dar es Salaam na kurudi. Akaongeza kwamba kwa vile mwombaji ni wakala mwenye leseni, hakuna ngazi itakayorukwa. Alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Baba nilimwambia makaratasi yamekwama. Sikusema yamekwamishwa na nani. Nina mdomo mwepesi sana wa makosa ya watu, lakini hili langu lilikataa kabisa kutoka. Niliona aibu. Mume wangu nilimnyooshea kidole nikamwambia asithubutu.

Ofisi yangu inatazamana na ile yadi. Ikawa kila siku nakunywa chai huku naliangalia gari langu nyuma ya uzio, limeloa, magari mengine yanakuja na kuvuka, lenyewe limebaki pale pale kama mtoto ambaye hajaja kuchukuliwa shule. Vijana wa mjini wakalizoea. Walikuwa wanapita kulipiga picha kupitia matundu ya wavu, na mimi wakanibandika jina la Mama Turbo. Mwanzoni niliwafukuza. Baadaye nikachoka, nikawa nawaambia wasiegemee uzio.

Mwezi wa pili baba akasema kama gari haliwezi kumfuata, yeye atalifuata. Akaja kwa basi na mume wangu, amevaa koti lake la kanisani. Mkuu wa kituo aliposikia ni mzee na macho yake yanakwisha, akaturuhusu kuingia mradi mlango wa gari usifunguliwe. Baba alilisoma gari lile kama mtu anayesoma barua kwa kidole. Alisimama karibu kabisa na boneti, akageuza kichwa kidogo kidogo mpaka lile tundu lake la kitasa likapata kitu: taa, akatulia hapo, kisha rimu, kisha lile tundu la juu ya boneti. "Hapa ndipo linapovutia pumzi," akasema, akiingiza vidole ndani. Akazunguka mpaka mlango wa kushoto, akaukuta ule mkwaruzo, akaufuata kwa ukucha toka mwanzo hadi mwisho. Mvua ilikuwa inamnyeshea na hakutaka mwavuli. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake nikihesabu maneno ya kumwambia, na sikumwambia hata moja. Jioni mume wangu akamrudisha Mbozi.

Machi jicho la kushoto likafunga. La kulia likabaki na kitundu.

Mama yangu alikuwa Mnamwanga wa Ndalambo, na ndugu zake wako pande zote mbili, mpaka umepita katikati ya ukoo. Mtoto wa mjomba wangu anafanya biashara Nakonde. Alikuwa ameshaniambia tangu Januari kwamba najitesa bure. "Ba sista," alisema, akiniita dada kwa heshima ya kwao, "si karatasi inasema livuke? Basi livuke." Mpango wake ulikuwa mwepesi. Gari livuke kwa halali mbele ya macho ya watu wote, halafu Jumapili moja lirudi kwa njia za porini, lipande Mbozi, mzee aendeshe mzunguko wake, na kabla ya giza liwe limerudi Zambia. Nilikuwa nimemkatalia kwa ukali. Kwa kosa dogo kuliko hilo nimeona mawakala wakinyang'anywa leseni, na leseni yangu ndiyo inayolisha nyumba. Lakini jicho la kushoto lilipofunga, nilimpigia mwenyewe nikamwambia ajiandae.

Nikapanda Mbozi kumweleza baba. Nilimkuta anachambua maharage kwa kupapasa, mabovu huku, mazima huku, bila kukosea. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Tukikamatwa, mama, na mimi ndiye niko kwenye usukani, nitajitetea vipi? Kwamba sikuona?" Akacheka mpaka akakohoa, na mimi nikacheka. Alipotulia akasema hapana. Alisema enzi zake kulikuwa na madereva waliovusha kahawa huko kwa magendo wakajenga nyumba za bati, yeye akabaki na nyumba yake ya nyasi na usingizi wake. Alisema amelingoja gari lile tangu tukiwa juu ya magunia, na hataki kuliendesha huku anageuza shingo. Liachwe mpaka liwe la kwetu.

Niliingia jikoni nikalia. Niliona kwamba mzee wa watu anatoa macho yake ya mwisho kwa uaminifu, akidhani kuna karatasi tu imekwama mahali, wakati aliyeikwamisha amekaa jikoni kwake anafuta kamasi kwa kanga.

Pasaka ile tulikwenda naye makaburini asubuhi na mapema na kanisa zima, kama tunavyofanya Wamoraviani, tukasimama kwenye kaburi la mama huku tarumbeta zikipigwa. Jua lilipochomoza akanishika mkono, akaniambia ameona shaba ya tarumbeta iking'aa. Siku chache baadaye mume wangu alikuwa kwake, akamsikia akiuliza kama kumekucha. Ilikuwa saa tatu asubuhi na madirisha yote yako wazi.

Faili lilirudi Juni. Nililipa kodi yote, gari likapewa namba za njano za kwetu, na mkuu wa kituo akanikabidhi funguo kwa mikono miwili. Hakusema pole wala hongera. Alisema tu nipite kwa fundi wa betri kwanza. Betri ilikuwa imekufa, matairi mawili yamelala, na ndani kulikuwa na harufu ya zulia lililonyeshewa. Lilipowaka, wale vijana wa uzio walipiga makofi, na nikawapigia honi.

Niliendesha kuelekea Mbozi peke yangu. Baada ya Vwawa barabara ilinyooka na haikuwa na mtu, nikakanyaga kidogo, turbo ikaamka, kukawa na mluzi mdogo kisha mgongo wangu ukagandamizwa kwenye kiti. Nilipiga kelele ya furaha kama mwendawazimu. Halafu nikaona aibu kwamba nimefurahi, nikapunguza mwendo mpaka malori yakaanza kunipita.

Baba alikuwa ameshasimama uani kabla sijakata kona ya kwake. Alilisikia toka mbali, mume wangu aliyekuwa naye alinieleza, na akasema, "Linakuja, na anakosea kuliendesha polepole hivyo." Nilizima gari nikashuka. Akalipapasa kuanzia puani, akazunguka, akaukuta ule mkwaruzo wa mlangoni, akausalimia kwa ukucha. Kisha akazunguka upande wa pili, akaingia kwenye usukani. Miguu ikazitafuta pedeli ikazipata. Akakanyaga klachi, akatia ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka ya tano, akarudi moja moja, gari limezimwa, midomo ikihesabu. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani nilikuwa nimeshamwomba kiwanja cha mpira. Nilikuwa tayari kumkalisha pale na kumshikia usukani kwa pembeni, liende litakapokwenda.

Lakini alishuka. "Endesha wewe," akasema. "Mimi nakaa kwako."

Sikumwelewa mpaka nilipomwona anazunguka kwenda kushoto, kwenye kiti nilichokuwa nakaa mimi kwenye lori. Alijifunga mkanda. Mkono wake wa kulia ukapapasa hewani, ukaipata gia, ukatulia juu yake. Nikawasha. Alisikiliza injini kwa muda, kichwa amekiinamisha, kama anayesikiliza mtu anayeongea kwa sauti ya chini.

"Klachi," akasema.

Nikakanyaga, akatia ya kwanza. Tukatoka uani, tukaingia barabara ya vumbi katikati ya mashamba, kahawa imeanikwa kwenye vichanja pande zote mbili na harufu yake inaingia madirishani. "Klachi," akasema, akatia ya pili. Hakuchelewa na hakuwahi. Alikuwa anajua kwa sikio injini inataka nini kabla mimi sijajua kwa mguu, na kwenye ya tatu turbo ilipopiga mluzi alicheka kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu mama akiwa hai. Watu waliokuwa wanachuma kahawa walisimama kutazama. Alitaka nimwambie ni nani na nani, nikamtajia, akawapungia upande ambao siyo.

Nilishindwa kuendelea kunyamaza. Nikamwambia, "Baba, gari halikukwamishwa na mtu mwingine. Mimi ndiye nilijaza fomu vibaya. Ningejaza vizuri, ungeliendesha Januari ukiwa unaona."

Mkono wake haukutoka kwenye gia. "Najua," akasema. "Mumeo aliniambia kwenye basi, siku tulipotoka kuliona pale yadini."

Hiyo ilikuwa Februari. Mimi nilikwenda na mpango wa magendo Machi. Siku ile anachambua maharage, alipocheka na kusema hapana, alikuwa anajua kosa ni la nani, na alikuwa anajua leseni ya nani ingepotea. Barabara ilianza kupanda, nikaona tumefika kwenye kile kilima chetu, na kwa kuwa wote wawili tulikuwa tunafikiria mengine, gari lilikuwa bado kwenye ya tatu. Injini ikaanza kulemewa, ikatetemeka.

"Nimekosea gia," baba akasema. "Klachi."

Nikakanyaga, akatia ya pili, tukapanda.